Mzee Maruge, mwanafunzi wa miaka 84

Hapa Goba, ukimgusia mtu mzima habari ya kurudi shule, jibu la kwanza huwa ni umri. Watoto watamcheka, majirani watasema. Ndiyo maana leo tumemchagua Mzee Kimani Maruge wa Kenya.

Ujana wake ulipita bila shule. Alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Mau Mau waliopambana na Waingereza. Mwaka 2003 serikali ya Rais Kibaki ilipofuta ada ya shule za msingi, mzee aliisikia habari hiyo na kuichukua kama ilivyo: elimu bure ni ya kila mtu. Januari 2004 akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Kwa hesabu yake alikuwa na miaka 84. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini Guinness walimwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Wajukuu zake wawili walisoma shule hiyohiyo.

Sababu zake zilikuwa za maisha kabisa. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana alishuku kwamba mhubiri hafuati kilichoandikwa. Alitaka pia kujua hesabu, ili fidia ya Mau Mau ikija asipunjwe.

Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumzia elimu bure kwenye Umoja wa Mataifa. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mali zake ziliibwa, akaishia kwenye kambi ya waliokimbia makwao, na bado akawa anatembea kwenda shule. Kwetu sisi, hapo ndipo ukubwa wake ulipo kuliko ile safari ya Marekani. Mwaka 2008 alihamia makao ya wazee Nairobi, akajiandikisha upya, safari hii darasa la sita.

Saratani ya tumbo ilimuua Agosti 14, 2009, kabla ya mtihani wa darasa la nane.

Kwa msikilizaji wetu aliyeishia darasa la saba, njia ni kufanya mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya kukuandaa.