Gottfried Wilhelm Leibniz

Gottfried Wilhelm Leibniz (Leipzig, 1 Julai 1646 – Hannover, 14 Novemba 1716) alikuwa mwanafalsafa na mwanahisabati kutoka nchini Ujerumani. Alibuni kalkulasi bila kumtegemea Isaac Newton. Katika falsafa anajulikana kwa kutofautisha aina mbili za ukweli.

Maisha

Baba yake, profesa wa falsafa, alifariki Leibniz akiwa na umri wa miaka 6, akaacha maktaba ambamo mtoto alijisomea mwenyewe. Alisomea sheria, na tangu mwaka 1676 hadi kifo chake aliwatumikia watawala wa Hannover.

Mafundisho kuhusu ukweli

Kwa Leibniz, ukweli wa akili ni ule ambao kinyume chake hakiwezekani, kama vile mbili na mbili ni nne. Ukweli wa matukio, kwa mfano kwamba Julius Caesar alivuka mto Rubicon, ungeweza kuwa vingine, lakini daima ipo sababu ya kutosha ya kuwa hivyo.

John Locke wa Uingereza alifundisha kwamba ujuzi wote unatokana na mang'amuzi. Leibniz alijibu kwamba mifano, hata ikiwa mingi namna gani, haithibitishi kwamba jambo ni lazima liwe hivyo daima. Alikuwa ameandika kitabu kizima cha majibu, lakini Locke alifariki mwaka 1704, naye hakutaka kubishana na marehemu. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1765, miaka 49 baada ya Leibniz mwenyewe kufariki.