Maisha ya Nabii Yahya, Mtangulizi wa Nabii Isa

Katika nyua za Kinondoni, tangu Mwananyamala mpaka Magomeni, Waislamu na Wakristo hupanga nyumba moja, na pengine mtoto wa chumba hiki jina lake Yahya na wa chumba cha pili Yohana, wakacheza mchana kutwa wala wazee wao wasitambue kuwa majina hayo asili yake ni mtu mmoja. Mtu huyo ni Yahya bin Zakaria, alayhis salaam, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji.

Baba yake, Nabii Zakaria, ndiye aliyemlea Bibi Maryamu. Alikuwa mkongwe, kichwa cheupe kwa mvi, na mkewe tasa, alipomwomba Mola wake kwa sauti ya siri ampe mrithi. Akabashiriwa mwana, na jina likateremshwa kabla mtoto hajazaliwa, jina ambalo hakupata kupewa mtu kabla yake. Zakaria akaomba dalili, naye akawekewa kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara. Injili ya Luka yaisimulia habari hii, lakini yaufanya ububu ule kuwa adhabu ya shaka, nao ukadumu mpaka mtoto alipopewa jina. Katika Kurani hapana adhabu hapo. Ni alama aliyoiomba mwenyewe.

Yahya alipewa hekima angali mtoto, akawatii wazazi wake, wala hakuwa jeuri. Hakuoa. Injili zasema aliishi nyikani, nguo yake singa za ngamia, chakula chake nzige na asali ya mwitu.

Ama kazi yake, hapo ndipo Waislamu na Wakristo hukutana kisha wakaachana. Wakristo humwona kuwa ndiye mjumbe aliyetajwa katika vitabu vya Isaya na Malaki, wa kutengeneza njia. Cheo chake chote kimo katika yule ajaye nyuma yake, mfano wa mpiga mbiu atanguliaye msafara wa Sultani, ambaye mbiu ikiisha kupigwa macho yote hugeukia nyuma. Kurani nayo humtaja kuwa mwenye kulisadiki neno litokalo kwa Mwenyezi Mungu, na wafasiri wengi wamesema neno hilo ni Nabii Isa. Lakini haikomi hapo: humwita bwana, mwenye kujizuia na matamanio, na nabii katika watu wema. Yaani alitangulia, na kutangulia hakukumpunguzia unabii wake.

Imamu Tirmidhi amepokea hadithi ya manabii hawa wawili. Yahya aliamriwa mambo matano, ayatende na awaamrishe Wana wa Israili wayatende, akakaribia kuchelewa. Nabii Isa akamkumbusha, akamwambia ama awaamrishe yeye, ama atawaamrisha Isa mwenyewe. Yahya akaogopa kuwa akitanguliwa katika jambo hilo huenda akadidimizwa ardhini au akaadhibiwa. Akawakusanya watu Baitul Mukaddas hata pakajaa, wengine wakakaa juu ya roshani. Akawaamrisha tauhidi, sala, saumu, sadaka na kumdhukuru Mungu, na kila jambo akalipigia mfano. Mwenye kumshirikisha Mungu alimfananisha na mtumwa aliyenunuliwa kwa mali halisi ya bwana wake, akapewa nyumba na kazi, kisha chumo lake akampelekea mtu mwingine. Watu wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, mfano huu hawahitaji kufasiriwa. Basi mtangulizi naye alikumbushwa, tena na yule aliyemtangulia, wala hapana aibu katika hilo.

Luka asema Yahya alitokea bonde la Yordani katika mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, yapata mwaka 28 au 29 wa Miladi, akiwaita watu watubu na kuwachovya majini. Watoza ushuru aliwakataza kuzidisha ushuru, na askari aliwakataza kunyang'anya, akawataka waridhike na mshahara wao.

Kilichomwua ni hukumu ya ndoa. Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, alimchukua Herodia, mke wa ndugu yake, na Yahya akasema wazi kuwa si halali. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, aongeza kuwa Herode aliuogopa wingi wa watu waliomfuata, akamfunga katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Injili zasema kuwa kutoka kifungoni aliwatuma wanafunzi wamwulize Isa kama ndiye ajaye, ama wamngoje mwingine. Kurani haina habari hii, na wanavyuoni wa Kikristo wenyewe wameona taabu kuieleza. Lakini mtu aliye gizani, asiyepata ila habari za mbali, si ajabu akitaka hakika kabla ya kufa.

Siku ya karamu ya kuzaliwa kwa Herode, binti wa Herodia alicheza ngoma, mtawala akamwapia kumpa atakalo, na kwa shauri la mama yake akataka kichwa cha Yahya, nacho kikaletwa juu ya sinia. Wanafunzi wakauzika mwili, kisha wakaenda kumpa Isa habari. Mwaka 36 jeshi la Herode lilishindwa na Harith, mfalme Mwarabu wa Nabat, baba wa mke wa kwanza wa Herode, yule aliyeondoka kumpisha Herodia. Na Josephus asema Wayahudi wengine waliona kuwa ndiyo malipo ya damu ya Yahya.

Usiku wa Miraji Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwakuta Yahya na Isa pamoja katika mbingu ya pili. Na katika msikiti mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa Al-Walid bin Abdulmalik mahali palipokuwa na kanisa la Yohana, lipo kaburi ambalo watu husadiki kuwa ndani yake mna kichwa chake. Tarehe 6 Mei 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia msikitini humo, akasimama mbele ya kaburi hilo, na wenyeji wake Waislamu wakasimama pamoja naye.