Ali bin Hassan: Mgeni aliyelipa nguo ili awe mtu wa Kilwa

Zamani hizo hakukuwa na pasipoti wala fomu za Uhamiaji. Lakini swali lilikuwa lilelile la leo: mgeni afanye nini, na akae muda gani, mpaka ahesabiwe mwenyeji?

Pwani ya Kilwa, swali hilo lina jina la mtu: Ali bin Hassan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza wa Kilwa Kisiwani.

Habari zake ziko katika masimulizi matatu: tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu, kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552, na simulizi ya Kiswahili ya wazee wa Kisiwani, ambayo humwita Ali bin Selimani. Hayafanani kila kitu, ila kiini chake ni kimoja.

Alidharauliwa kwao

Kwa mujibu wa de Barros, Ali alikuwa mtoto wa mtawala wa Shiraz, Uajemi. Tatizo lilikuwa mama yake. Alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, wakati mama wa kaka zake alikuwa wa ukoo mkubwa. Baba alipofariki, Ali akawa mtu wa kudharauliwa kwenye nyumba aliyozaliwa.

Basi akafunga safari. Akachukua mke, watoto na watu wake, wakapanda majahazi mawili kutoka Hormuz. Mogadishu na Barawa hakuona pa kukaa, maana kulikuwa na Waarabu wa madhehebu tofauti na yake. Akaendelea kusini mpaka Kilwa.

Bei ya kisiwa

Kisiwa hakikuwa kitupu. Tarehe ya Kiarabu inasema alimkuta Mwislamu mmoja na familia yake, na msikiti tayari upo. Mwenye kisiwa alikuwa bara, ameenda kuwinda.

Yule Mwislamu akawa mkalimani. Mwenye kisiwa aliporudi, akakubali kuuza kwa sharti moja: nguo za rangi zinazotosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akalipa. Mwenyeji akabeba nguo zake, akavuka kwenda bara.

Lakini mkalimani alimtahadharisha Ali kwamba jamaa angerudi kuwaua na kuchukua mali. Wakati huo maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Wageni wakachimba mkondo. Mwenyeji aliporudi na kungoja maji yapwe, hayakupwa. Akaondoka na majuto yake.

Mkwe wa Mrimba

Wazee wa Kisiwani wanaongeza jambo ambalo nguo peke yake zisingeweza kulifanya. Wanasema mwenye kisiwa aliitwa Mrimba, na mgeni alimwoa binti yake. Mtoto akazaliwa. Alipokua, akaenda bara kumtembelea babu yake, na babu akampa utawala wake.

Kwa hiyo baba alinunua ardhi, ila mtoto ndiye aliyerithi haki ya uenyeji kupitia kwa mama yake. Hapo ndipo ugomvi wa mwenyeji na mgeni ulipopata dawa.

Sarafu na mifupa

Je, Ali alikuwepo kweli? Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimechimbwa kwa wingi Kilwa. Mwaka 1984 nyingine za fedha zilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari za kigeni za karne ya 11. Jina si hadithi tupu, ingawa mambo ya nguo na mkondo yanabaki kuwa masimulizi.

Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani Kenya na Tanzania, Kilwa, Songo Mnara na Lindi zikiwemo. Wengi walikuwa na asili ya Afrika, hasa upande wa mama, na ya Asia upande wa baba, zaidi Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wazee hawakuwa mbali na ukweli.

Angeomba leo?

Leo Ali angehitaji uraia wa tajnisi chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Angepaswa kuwa amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka 7. Pia ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, aonekane ana mchango kwa taifa, na aukane uraia wake wa zamani.

Nguo zisingemsaidia kitu. Kuzitoa kwa ofisa ingekuwa rushwa.

Mtoto wake asingepata shida hiyo. Amezaliwa hapa, mama yake ni binti wa Mrimba. Huyo ni raia tangu siku ya kwanza.

Ali alifukuzwa na maneno ya kaka zake kwa sababu ya mama Mwafrika. Huku Kilwa, mama Mwafrika ndiye aliyeufanya uzao wake kuwa wa wenyeji.