Bertoni na Jani Tamu la Waguarani

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu nimeonelea nikusimulie maisha ya Moisés Santiago Bertoni, mtaalamu wa mimea ambaye sifa zake zimeenea sana huko Paraguay, Amerika ya Kusini. Nimemchagua kwa sababu ya jani moja tu, jani tamu kupita sukari, na kwa sababu ya swali ambalo jani hilo limeniachia. Je, kitu kikiwa kinajulikana na watu tangu jadi, ni nani hasa anayestahili kuitwa mgunduzi wake?

Bertoni alizaliwa tarehe 15 Juni 1857 katika kijiji cha Lottigna, kwenye bonde lililozungukwa na milima kusini mwa Uswisi. Alisomea sayansi katika miji ya Geneva na Zurich. Angeweza kukaa kwao akala raha mustarehe, lakini moyo wake ulikuwa ng'ambo. Mwaka wa 1884 alikata shauri akapanda meli pamoja na mkewe Eugenia, watoto wao, mama yake mzazi na wakulima kadhaa wa kwao. Walifikia Argentina kwanza. Mambo hayakuwa mazuri huko, kwa hivyo akavuka kuingia Paraguay, na mwishowe akajenga makao yake msituni, kando ya mto mkubwa wa Paraná. Mahali hapo hadi leo paitwa Puerto Bertoni.

Msitu ulikuwa msitu kwelikweli! Hakukuwa na barabara, na mbu walikuwa hawahesabiki. Hata hivyo Bertoni hakufa moyo. Alilima, alikusanya mimea, alipima mvua na joto, na jioni aliandika. Mwaka wa 1896 ilianzishwa shule ya kilimo karibu na Asunción, mji mkuu wa Paraguay, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Baadaye aliweka mtambo wa kupiga chapa huko huko msituni, akachapisha vitabu vyake mwenyewe. Mtambo huo aliuita Ex Sylvis, maana yake kwa Kilatini ni kutoka misituni.

Sasa tuje kwenye jani lenyewe. Mwaka wa 1887, akizunguka katika misitu ya mashariki ya Paraguay, Bertoni alisikia habari za mmea mdogo wenye majani matamu ajabu. Waliomwambia ni wenyeji na wachuma majani. Waguarani, ambao waliishi nchi hiyo kabla Wahispania hawajafika, waliujua mmea huo siku nyingi. Waliuita ka'a he'ẽ, yaani jani tamu, na waliutia katika mate, ile chai yao chungu.

Bertoni akaanza kuutafuta. Lakini wapi! Mmea huo ulimea mbali, upande wa milima ya Amambay. Miaka 12 ilipita kabla hajaandika habari zake, na alichokuwa nacho wakati huo ni vipande vya majani makavu tu. Kwa vipande hivyo aliuelezea mmea kisayansi mwaka wa 1899, akauweka katika kundi la Eupatorium. Mwaka wa 1904 padri mmoja wa San Pedro alimpelekea mmea ulio hai. Alipouchunguza vizuri aliona kwamba kundi lile silo lake. Basi mwaka wa 1905 akasahihisha mbele ya wasomi wote, akauita Stevia rebaudiana.

Hebu tulitazame jina hilo. Stevia latokana na Esteve, mtaalamu wa mimea wa Uhispania aliyeishi karne ya 16. Rebaudiana latokana na Ovidio Rebaudi, mkemia wa Paraguay aliyechunguza utamu wa jani hilo. Na wataalamu wakiandika jina lote, huongeza Bertoni mwishoni. Hayo ni majina ya watu watatu, na Mguarani hayumo hata mmoja!

Simlaumu Bertoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye alisema wazi kwamba habari alizipata kwa wenyeji, akajifunza lugha yao, akaandika kitabu kikubwa kuwasifu, ingawa wataalamu wa baadaye waliona kwamba alitia chumvi mahali pengine. Wala hakutajirika. Alifariki tarehe 19 Septemba 1929 huko Foz do Iguaçu, Brazil, akiwa maskini, ameuawa na malaria. Mkewe Eugenia alikuwa ameaga dunia mwaka huo huo.

Utajiri ulikuja nyuma yake. Mwaka wa 1931 wanakemia wawili wa Ufaransa walifaulu kuchuja kile kitu kitamu kutoka katika majani, ambacho ni kitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Wajapani walianza kukitumia kwa wingi katika miaka ya sabini. Marekani ilikiruhusu katika vyakula mwaka wa 2008, na nchi za Ulaya mwaka wa 2011. Hata hapa Kenya wakulima wa upande wa Kericho wamewahi kuupanda mmea huo. Mwaka wa 2016 Waguarani wa Paraguay na Brazil walidai hadharani wagawiwe faida, kwa maana ujuzi ule ulikuwa wao.

Habari hizi zimenigusa kwa sababu ya nyanya yangu. Yeye ana ugonjwa wa kisukari, na daktari alimkataza sukari. Jani hili si dawa ya kuponya ugonjwa huo, lakini huleta utamu bila sukari. Isitoshe, nyanya huyo anajua majani mengi ya porini, la kuosha kidonda na la kutuliza tumbo, na majina yake anayajua kwa lugha ya nyumbani tu. Mimi nayajua matano. Hakuna mahali yameandikwa.

Wanachama wenzangu, likizo ikifika tusikae bure. Tuchukue daftari, tuwaulize wazee wetu, tuandike jina la jani kama wanavyolitamka wao, kisha kando yake tuandike jina la mzee aliyetuambia. Hilo la mwisho ndilo lililosahaulika kule Paraguay.