Volta: Aliyegundua nishati kwenye tope

MKULIMA wa mpunga anayekanyaga tope la jaruba huko Kagongwa, Kahama mkoani Shinyanga, huona mapovu yakipanda juu ya maji. Wengi huyapuuza. Aliyegundua kuwa mapovu ya namna hiyo ni nishati ni Mwitalia Alessandro Volta.

Volta alizaliwa mjini Como mwaka 1745. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo na kuiachia familia madeni, hivyo akalelewa na ndugu wa baba. Hao walitaka awe mwanasheria. Hakusoma chuo kikuu, bali alijisomea mwenyewe na kuandikiana barua na wataalamu, hadi mwaka 1774 alipopata kazi shuleni mjini kwao.

Novemba 1776 alikwenda Ziwa Maggiore. Alichokoa tope kwa fimbo, akakinga mapovu kwa chupa, kisha akayawasha. Yaliwaka kwa mwali wa buluu. Akabaini kuwa gesi hiyo, ambayo leo huitwa methani, hutokana na vitu vilivyooza.

Mwaka 1800 alitangaza betri ya kwanza, iliyompa umaarufu duniani. Alifariki Como mwaka 1827. Jina lake limebaki katika volti, kipimo kinachoandikwa kwenye kila betri dukani.

Jambo ambalo Volta hakulijua ni kwamba gesi ile hutengenezwa na vijidudu vinavyofanana na bakteria, ambavyo huishi pasipo hewa. Baadhi huchukua hewa ya ukaa na haidrojeni, gesi ambazo zingepotea bure, na kuzigeuza methani.

Ushahidi uko Rwanda, yanakoelekea malori mengi ya barabara ya Isaka na Kahama. Chini ya Ziwa Kivu, vijidudu hivyo vimegeuza sehemu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye miamba ya volkano kuwa methani. Mwaka 2016 ulizinduliwa huko mtambo wa KivuWatt wa megawati 26, unaofua umeme kwa gesi ya ziwa.

Mfugaji hahitaji ziwa. Samadi ya ng'ombe ikichanganywa na maji na kufungiwa kwenye shimo lililojengwa lisiloingiza hewa, vijidudu vilevile hutoa gesi ya kupikia, na mabaki yake huwa mbolea. Maganda ya mpunga yanayorundikana mashineni hayafai kwa kazi hiyo, kwani ni magumu kuoza.