Karl Terzaghi: Mhandisi aliyesoma tabia za udongo

MAJI yanayopita chini ya daraja la Garissa hutoka mbali, katika miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya. Miaka ya 1950, kwenye mto Sasumua ambao maji yake huingia Chania na hatimaye Tana, wahandisi waliojenga bwawa la Nairobi walikwama. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa udongo wa mfinyanzi uliokuwapo haufai. Aliyeombwa ushauri ni Karl Terzaghi.

Alizaliwa Prague mwaka wa 1883 na kusomea uhandisi wa mitambo Graz. Akifundisha Istanbul, alianza majaribio kwa vifaa hafifu. Mwaka wa 1925 alichapisha kitabu kilichoasisi mekanika ya udongo. Awali wajenzi walibahatisha, na mara nyingi gharama ya kubahatisha ililipwa na wachimbaji.

Mwaka wa 1936 alieleza jaribio lake mashuhuri. Alijaza mchanga juu ya kilango, akakishusha kidogo, na uzito juu yake ukapungua mno. Mchanga ulikuwa umejishika mfano wa tao na kuelemea kando. Handaki basi halibebi ardhi yote iliyo juu yake, ila tao hilo lisivunjwe. Hatari kubwa iko usoni, kwenye ukuta wa udongo mbele ya mchimbaji, ambako hapajawekwa nguzo.

Katika mahandaki ya reli ya Chicago, vipimo alivyosimamia vilionyesha udongo laini ukisogea kuelekea uso huo, na barabara juu ikititia. Mwaka wa 1950 aliainisha ardhi kwa tabia: inayosimama, inayomeguka, inayotiririka, inayominya, inayofura. Isiyoweza kusimama hadi nguzo zifike sharti ishikwe kabla ya kuchimbwa, kwa vyuma vinavyotangulizwa juu ya uso kama paa. Siku hizi huongezwa saruji, na fimbo za nyuzi za kioo ndani ya uso wenyewe.

Sasumua, Terzaghi aligundua kwamba chembe za udongo ule zilishikana katika vijibonge imara. Bwawa likajengwa, naye akaeleza kisa hicho mwaka wa 1958.

Mwaka wa 2016 ulizuka mzozo kuhusu handaki la kilomita 11.8 la Murang'a, linalopeleka maji ya Maragua, Gikigie na Irati bwawani Ndakaini. Wakosoaji walihofia ukame hadi Tana ya chini. Kanuni za Terzaghi hupima kama ardhi itasimama. Haki ya Garissa katika maji hayo ni suala jingine.

Alifariki Massachusetts Oktoba 1963, wiki saba kabla ya uhuru wa Kenya.