Mnyampala, Mzee wa Ngonjera

Tuliosoma shule za msingi huku Nkoaranga tunaijua ile: mgeni rasmi amekaa, mmoja anauliza, mwenzake anamjibu kwa mashairi. Ngonjera hizo zina mwenyewe, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917. Alifundisha, akawa hakimu, na mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia na mila za Wagogo. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, akaipeleka siasa jukwaani: asiyejua anakuja mbishi, anaondoka amekubali. Hapo mimi, mwalimu mtarajiwa, namgombeza mzee kidogo. Mbona mbishi hapewi nafasi ya kushinda? Alifariki 1969. Ngonjera za Ukuta zikachapwa mwaka uliofuata, watoto wakazikariri, yeye hayupo.